Kuonwa si Kusomwa

Lugha ya Kiswahili ina neno lake kwa kila tendo la jicho. Kuna kuona, na mtu aweza kuona hata asipotaka. Kuna kutupa jicho, nako ni kwa mpita njia. Kuna kutazama, ambako jicho hukaa kitambo. Kuna kuangalia, ambako moyo hufuatana na jicho. Kuna kusoma, ambako akili huitwa ije ifanye kazi; na mwisho wake ni kufahamu, ambako ndiko kulikokusudiwa na mwandishi tangu aliposhika kalamu. Mtoto anayejifunza kusema huzijua tofauti hizi kabla ya kujua kuhesabu. Ajabu ya zama hizi ni kwamba watu wazima, tena wenye elimu, huzisahau mara moja wanapoona tarakimu ndogo iliyoandikwa chini ya swali au kando ya jibu katika tovuti za maswali na majibu.

Tarakimu hiyo hudai kuonyesha mara ambazo maandishi yametazamwa. Mwanafunzi atafutaye msaada usiku, kesho yake akiwa na mtihani, huifanya mizani yake: penye laki moja hutua, penye arobaini hupita. Mwandishi wa jibu huifanya kioo chake, akajiona mkubwa inapopanda na mdogo inapolala. Mwenye tovuti huifanya bidhaa, akaipeleka kwa watangazaji wa biashara. Kila mmoja huiamini kwa sababu yake, wala hakuna aulizaye imehesabu nini. Hoja inayotetewa hapa ni fupi. Hesabu hiyo ni hesabu ya milango iliyofunguliwa, si hesabu ya wageni walioketi. Kuipa jina la kutazamwa ni kosa. Kuifanya ushahidi wa elimu ni kosa kubwa zaidi. Na kosa hilo likifanywa na watu wa chuo kikuu halina udhuru, maana kupima ushahidi ndiyo kazi yao.

Kwanza na ijulikane jinsi hesabu inavyofanywa. Mtu anapotaka ukurasa, kompyuta ya mwenye tovuti hupokea ombi, hutuma ukurasa, kisha huongeza moja katika daftari lake. Haina habari ya yaliyofuata. Labda msomaji alisoma mpaka neno la mwisho, labda alifunga ukurasa kwa kuwa si aliouhitaji, labda alisinzia. Yote hayo ni moja, nalo huongezwa. Tovuti iitwayo Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta, ilifanya uangalifu zaidi kuliko nyingi nyingine. Watunzaji wake walieleza hadharani kwamba ukurasa mmoja ukifunguliwa mara nyingi kutoka anwani moja ya mtandao ndani ya dakika 15, mara zile za ziada hazihesabiwi. Kanuni hiyo ni njema. Humzuia mtu mwenye kujipenda asiufungue ukurasa wake mwenyewe mara mia kwa saa moja ili aonekane maarufu.

Lakini kumzuia mwizi si kuthibitisha kwamba kila aliyebaki ni mnunuzi. Wanafunzi 30 wa bweni moja wanaotoka kwenye mtandao kwa anwani moja, wakifungua swali lile lile kabla ya mtihani katika robo saa hiyo hiyo, kwa kanuni hiyo ni mtu mmoja. Kinyume chake, mtu mmoja afunguaye swali asubuhi kwa simu, mchana kwa kompyuta ya maktaba, na jioni kwa kompyuta ya jirani, ni watu watatu. Basi hesabu ile ile hupunguza wengi na kuzidisha mmoja. Aitumiaye kulinganisha thamani ya maandishi mawili ni kama apimaye nguo kwa dhiraa ya mpira: hupata jibu kila mara, wala halifanani na jibu la jana.

Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana. Katika tovuti hiyo kinachohesabiwa ni ukurasa wa swali zima. Chini ya swali moja huweza kuwapo majibu 10 au 30, mengine ya kina, mengine ya haraka, mengine ya makosa. Tarakimu huandikwa moja tu kwa wote. Jibu lililosomwa na kila mtu na jibu ambalo halikufikiwa na hata mmoja hukaa chini ya hesabu moja, kama ndugu wanaodai urithi kwa jina la babu. Kadhalika, kuna nishani tatu zitolewazo kwa kuonwa: ya shaba swali likifika mara 1,000, ya fedha likifika 2,500, na ya dhahabu likifika 10,000. Anayevishwa nishani hizo ni mwulizaji. Aliyekesha akitafuta jibu hazimhusu, ijapokuwa huenda ni jibu lake lililowavuta watu.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya jicho na akili. Katika Stack Overflow kuna swali la mwaka 2009 juu ya programu ya Git, lenye kuuliza namna ya kutangua mabadiliko ambayo mtu amekwisha kuyahifadhi kwa bahati mbaya. Swali hilo limefunguliwa zaidi ya mara milioni 10. Kuna na swali la mwaka 2012, lenye kuuliza kwa nini kompyuta huipitia orodha iliyopangwa kwa taratibu upesi kuliko orodha ile ile ikiwa imevurugwa. Hili halijafika hata robo ya hesabu ya lile. Walakini yote mawili yamepigiwa na wasomaji kura zaidi ya 20,000 za kuyasifu. Kwa nini kura zikaribiane na macho yaachane kwa kiasi hicho?

Sababu iko wazi kwa anayeyasoma. La kwanza hujibiwa kwa amri ya mstari mmoja. Mwandishi wa programu hufika, hunakili mstari, huondoka. Mwezi ujao amesahau, hurudi tena, na kila arudipo huhesabiwa. La pili hujibiwa kwa somo. Msomaji hufundishwa kwamba kiini cha kompyuta, kila kifikapo njia panda, hakingoji kuambiwa pa kupita, bali hubahatisha na kuendelea. Kikibahatisha vibaya hulazimika kurudi nyuma na kupoteza wakati. Katika orodha iliyopangwa njia hubaki moja kwa muda mrefu, kwa hiyo kubahatisha hufaulu; katika orodha iliyovurugwa hushindwa mara kwa mara. Aliyefahamu jambo hilo mara moja hana haja ya kurudi. Amelichukua kichwani, akaenda nalo. Basi hesabu ya macho ilipima nini? Ilipima usahaulifu wa mikono. Somo lililoingia moyoni liliadhibiwa kwa kuingia kwake, na dawa isiyoponya ikasifiwa kwa kuwa mgonjwa hurudi kila siku.

Wenye tovuti hawakosi kulijua hilo, lakini mvuto wa tarakimu ni mkubwa. Mwezi Mei 2017 swali moja katika tovuti hiyo hiyo, la namna ya kutoka katika programu ya kuandikia iitwayo Vim, lilifika mara milioni 1 za kufunguliwa. Tovuti ikatangaza, kwa mzaha usiokosa fahari, kwamba imewasaidia waandishi wa programu milioni moja kutoka humo. Tazama safari iliyosafiriwa na neno katika kichwa kimoja cha habari. Mara zilizofunguliwa zimegeuka kuwa watu. Na watu walioufungua ukurasa wamegeuka kuwa watu waliosaidiwa. Hatua mbili zimerukwa pasipo daraja, na kwa kuwa msomaji anacheka, haoni kwamba amevushwa.

Mzaha husameheka. Lisilosameheka upesi ni pale neno hilo lilipowekwa katika ukurasa wa kila mwanachama. Huko tovuti ilimwandikia kila mmoja makisio ya watu aliowafikia, na maelezo madogo yakasema kwamba ni makisio ya mara ambazo watu waliona maandishi yake yaliyofaa, kwa kufuata hesabu ya kurasa zilizofunguliwa. Jina lilisema watu. Maelezo yakasema mara. Jina lilikuwa kubwa na maelezo yalikuwa madogo, na kila mtu ajua kipi husomwa. Kijana akiandika katika barua yake ya kuomba kazi kwamba amewafikia watu milioni mbili, hasemi uongo aliouzua. Anarudia uongo aliopewa.

Watetezi wa hesabu hii wana hoja tatu, nazo zinastahili kujibiwa kwa haki.

Hoja ya kwanza ni kwamba swali lililofunguliwa na wengi laonyesha tatizo la wengi. Hili ni kweli, na akanushaye kweli ili ashinde mjadala ameshindwa tayari. Mwalimu akijua kwamba maelfu wameuendea ukurasa wa jambo fulani, amejua mahali ambapo wanafunzi hujikwaa. Lakini huo ni ushahidi juu ya swali, si juu ya jibu. Wingi wa watu mlangoni mwa tabibu huonyesha kwamba maradhi yameenea. Hauonyeshi kwamba tabibu anaponya. Pengine wengi wamerudi kwa kuwa hawakupona.

Hoja ya pili ni kwamba kuna kura, na kura hurekebisha upungufu wa hesabu. Hili nalo lina sehemu ya ukweli. Katika Stack Overflow majibu hupangwa kwa kura, na kufunguliwa kwa ukurasa hakumwongezei mtu alama za sifa. Tena mwulizaji huweza kuweka alama ya kulikubali jibu lililomfaa. Lakini hoja hii ikitazamwa vizuri inaishitaki hesabu badala ya kuitetea. Ikiwa kura na alama ya kukubali ndivyo vyenye kuhukumu, hesabu imewekwa mbele ya msomaji kwa kazi gani? Shahidi asiyehitajika mahakamani, tena ajulikanaye kwamba hakuwapo penye tukio, haitwi kizimbani ili apambe shauri.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, kwa kuwa inatoka katika moyo wa binadamu. Watetezi husema: anayejibu maswali hajalipwa, ametoa saa zake na elimu yake bure, mnyimeni na hesabu hii, atakuwa amebaki na nini? Hapo pana dhiki ya kweli. Mtu aliyeketi Dodoma au Berlin akaandika jibu kwa mgeni asiyemjua ametenda tendo la ukarimu, na mkarimu naye hupenda kujua kwamba chakula kililiwa. Lakini amlipaye mfanyakazi kwa sarafu ya bandia hakumhurumia. Mwandishi hakutaka kujua kwamba mlango uligongwa mara ngapi. Alitaka kujua kwamba mtu mmoja alitatizwa, akasoma, akatatuliwa. Neno moja la mtu aliyelijaribu jibu, akarudi kusema limefaa au limekosea mahali fulani, ni ujira mkubwa kuliko tarakimu sita. Kwa neno hilo mwandishi hufurahi au hujifunza. Kwa tarakimu hulewa tu.

Mwenye nyumba wa Mwambao aliye na baraza mbele ya mlango wake hajapata kuwahesabu wapita njia wote kuwa wageni wake. Wapo watupao salamu na kwenda. Wapo waonao baraza bila ya kutoa salamu. Mgeni ni yule aliyeketi, akauliza, akajibiwa, akabisha, akaondoka na jambo. Lau mwenye nyumba angeanza kujisifu kwa idadi ya miguu ipitayo uchochoroni, majirani wangemwonea huruma, na baada ya muda angehamisha baraza lake sokoni, ambako miguu ni mingi na mazungumzo hayawezekani.

Ndiyo hatari yenyewe. Hesabu haikai kimya kandoni. Humfundisha mwandishi namna ya kuandika. Akiona kwamba swali jepesi lililoulizwa na kila mtu humletea makumi ya maelfu, na swali zito la mtafiti mmoja humletea thelathini, atajua pa kuelekeza kalamu. Mwaka 2018 tovuti ya Quora ilianzisha mpango wa kuwalipa baadhi ya waulizaji kwa kadiri ya mapato yaliyoletwa na maswali yao. Matokeo hayakuchelewa: waandishi wengi wa zamani walilalamika kwamba maswali yamekuwa ya kufyatuliwa kama matofali, moja likifanana na jingine, yakiulizwa na watu wasiotaka jibu. Swali lisilotaka jibu ni kinyume cha elimu. Socrates aliuliza maswali Athene mpaka akanyweshwa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo. Hakuna mwenye akili atakayeuliza ni watu wangapi waliomtazama.

Tena hesabu hii ina tabia ya kupanda bila ya kushuka. Jibu la mwaka 2009 limekusanya macho kwa miaka mingi. Jibu la mwaka jana limekusanya kwa miezi. La kale laweza kuwa limekwisha kuwa kosa. Lugha ya programu iitwayo Python, katika toleo lake la pili, iliachwa kutunzwa na wenyewe tarehe 1 Januari 2020. Lakini kurasa zilizolifundisha toleo hilo hazikupunguziwa hata mara moja moja. Elimu hufa, hesabu yake haifi. Mwanafunzi afuataye tarakimu kubwa aweza kujikuta amefuata kaburi lililopambwa vizuri.

Wala maana ya kutazamwa haikai mahali pamoja hata kwa mwaka. Mwenye mtambo ndiye aiamuaye. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube huhesabu filamu zake fupi kuwa zimetazamwa kila zinapoanza kuchezwa au kurudiwa, bila ya kungoja muda wowote upite. Siku ya kabla yake tendo hilo hilo pengine lisingehesabiwa. Macho hayakuongezeka usiku mmoja; kilichobadilika ni daftari. Kipimo kiwezacho kubadilishwa na muuzaji peke yake, dukani mwake, kwa faida yake, hakiitwi kipimo katika soko lolote la haki.

Na sasa limetokea jambo linaloimaliza hoja. Tangu mwezi Novemba 2022, ulipotolewa mtambo wa ChatGPT, watu wengi wameacha kuziendea tovuti hizi na kuuliza mashine moja kwa moja. Maswali mapya katika Stack Overflow yamepungua sana. Mashine hizo zimefundishwa kwa maandishi mengi ya intaneti, yakiwemo majibu ya tovuti kama hizo. Na mwezi Mei 2024 tovuti hiyo ilifanya mapatano na kampuni ya OpenAI juu ya kuyatumia majibu yake. Baadhi ya waandishi walighadhibika, wakajaribu kuyafuta au kuyabadili majibu yao wenyewe, na wakasimamishwa. Jibu la mtu laweza leo kuwafaa wengi kupitia kinywa cha mashine, na daftari la kuonwa lisiongezeke hata moja.

Basi na wajibu wale waliosema kwamba thamani ya jibu ni hesabu yake. Je, jibu limepoteza thamani siku ile ile lilipoanza kutumika zaidi? Hakuna awezaye kusema ndiyo bila ya aibu. Na ikiwa thamani haikupotea hesabu iliposimama, ni dhahiri kwamba haikuwa ndani ya hesabu ilipokuwa ikipanda. Waandishi walilipwa kwa kivuli miaka 15, na jua lilipohama wakaona kwamba hawakuwa na kitu mkononi. Hasira yao ni ya haki. Lakini sehemu ya hasira hiyo ingefaa kuelekezwa kwa kile kivuli walichokubali kukiita mshahara.

Nini kifanywe? Jambo la kwanza ni jina. Maandishi yaliyofunguliwa mara 5,000 yaandikwe kwamba yamefunguliwa mara 5,000, wala yasisemwe kwamba yametazamwa, sembuse kusomwa, sembuse kuwafikia watu. Neno la kweli halimgharimu mwenye tovuti kitu ila majivuno. Jambo la pili ni mahali. Hesabu ya milango ni habari ya mtunza nyumba; ikae katika daftari lake, imsaidie kujua taa ziwekwe wapi na ngazi ipi imechakaa. Usoni mwa jibu na pawekwe mambo ambayo msomaji anayahitaji: liliandikwa lini, lilirekebishwa lini, ni nani aliyelijaribu, na ni nani aliyelipinga na kwa sababu gani.

Jambo la tatu ni la wanachuo wenyewe, wala halingoji ruhusa ya mwenye tovuti yeyote. Mwalimu asipokee kazi ya mwanafunzi inayosema kwamba neno fulani ni kweli kwa kuwa limeonwa na wengi. Mwanafunzi naye, akilipata jibu, aliulize jibu lenyewe: hoja yako ni ipi, mfano wako u wapi, na nikikufuata nitafika? Jibu lenye kusimama katika maswali hayo na litumike hata likiwa limefunguliwa mara tatu. Lisiloweza na liachwe hata likiwa na milioni.

Kuna maswali yatakayoulizwa na mtu mmoja tu katika dunia nzima: mtafiti wa lahaja moja ya kisiwa kimoja, fundi wa mashine isiyotengenezwa tena, mama anayetafuta jina la ugonjwa adimu wa mwanawe. Swali la namna hiyo likijibiwa sawasawa, ukurasa wake utafunguliwa mara chache, na daftari litauandika miongoni mwa kurasa duni. Lakini hapo ndipo tovuti ya maswali na majibu hutimiza kazi iliyoundiwa, kwa maana mwenye haja ya kweli amekutana na mwenye elimu ya kweli. Jumuiya ya wasomi isiyoweza kuuheshimu ukurasa huo kuliko ule wa milioni imeacha kuwa jumuiya ya wasomi. Imekuwa mlango wa soko, na kijana mmoja amesimama pale akihesabu miguu.